Moshi wa Pinki

Sheria ilitaka dizeli yote itoe moshi wa pinki, ili mchomaji ajulikane mtaa mzima. Sasa siku wakwe watarajiwa wanakuja Singida kumposa Zaituni, binti wa Mzee Mkumbo, upepo ukagoma, mitambo yote ya umeme kilimani ikanuna.

"Wape maji ya mtungi," mkewe alimwambia Mzee Mkumbo.

"Wakwe zangu wanywe ya mtungi kama kuku?" Akawasha jenereta uani, friji likanguruma.

Wazee wakaingia na kanzu nyeupe, moshi ukawafuata. Kanzu zilipogeuka pinki hadi kola, hakuna aliyelalamika. Walikunywa juisi, wakasifu ubaridi wake, wakaaga bila kutaja posa.

Zaituni aliosha glasi bila kumgeukia baba yake. Nje majirani walianua nguo zao kimya kimya, na Mkumbo akatamani angalau mmoja wao amtukane.