Kibanda cha Kuonea Nyota

"Toa majani," Mama Noa alisema kutoka chini. "Majani mengi sana. Nyota hapana kuona."

Nkunzimana alikuwa juu ya ngazi, fungu la nyasi kwapani. Ameezeka nyumba nyingi, Kibondo mpaka Gwarama kule, na hajawahi kulalamikiwa kwamba paa lake halivuji.

"Mvua je, mama? Wingu lile pale."

"Mvua kuja, sisi ndani."

Basi akatoboa. Mtu mwenye nyumba ya vyumba vinne na bati jipya akitaka kibanda cha kuvuja, ni chake, avujiwe.

Mama Noa na mumewe, mtu wa kuchimba visima, walikuwa Wayahudi, na miezi mitatu tu walikuwa wamepanga nyumba ile. Nkunzimana ndiye mlinzi wao na mshika funguo. Jioni hiyo ilikuwa inaingia sikukuu yao ya vibanda: wiki nzima familia inakula nje, na anayependa analala hukohuko. Kuta zilikuwa za turubai la sokoni. Watoto, Noa na mdogo wake Eli, walishinda wakikata kalenda za zamani na kuziunga kuwa minyororo ya kuning'iniza. Walitunga vizibo vya soda kwenye uzi. Walichora makomamanga kwenye maboksi, maana yenyewe Kibondo utayatoa wapi. Nkunzimana akawaongezea mahindi makavu na vibuyu viwili, wakampigia makofi.

Siku nyingine angefurahi. Lakini siku hiyo wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kasulu kuona anapokaa.

Alikuwa amemposa Divine, fundi cherehani, na posa yake aliipeleka na blanketi jipya, zito, lenye picha ya simba. Babake, mzee Sylvesta, hakuwa na masharti mengi. Alikuwa nalo moja, na alilisema kwenye simu bila salamu: "Divine nilimpata chini ya turubai, kambi ya wakimbizi. Chini ya turubai haolewi."

Divine alishawaambia kwamba mchumba anakaa nyumba ya matofali. Hakusema uongo. Chumba cha mlinzi, pale kando ya geti, kilikuwa cha matofali. Nkunzimana alikuwa amekifagia, ameazima viti, ameweka soda mezani. Hesabu yake ilikuwa awapokee getini na kuwaingiza humo moja kwa moja, kibanda wasikione.

Walifika yeye akiwa ndani ya nyumba kubwa anachukua vyombo. Aliyewafungulia geti ni Eli.

Nkunzimana alitokea mlango wa mbele, sufuria mkononi, funguo zinalia kiunoni, akawakuta wamesimama mbele ya turubai. Mzee Sylvesta alikuwa amevua kofia. Dada yake, shangazi Nizigiyimana, alikwisha ingiza kichwa ndani.

"Mnalala humu?" shangazi alimuuliza Mama Noa, aliyekuwa amepiga magoti akitandika magodoro.

"Ndiyo, humu!" Mama Noa alifurahi kupata mtu wa kuongea naye. "Zamani watu wetu nyumba hapana. Tembea, tembea sana. Watoto lazima kujua."

"Yoo," alisema shangazi. "Na paa?"

"Tunaona nyota!" Noa alidakia.

Mzee Sylvesta akainua uso. Mbingu ilikuwa wazi pale, na wingu lake. Akamgeukia Nkunzimana.

"Umejenga wewe?"

"Mimi, baba. Lakini si—"

"Na ulijua leo tunakuja."

"Nilijua, baba. Ila karibuni kwanza upande huu, kwangu ni—"

"Tumekwisha ona." Sauti ya mzee ilikuwa imekauka. "Tulilolifuata tumeliona."

Shangazi alijifuta macho kwa pindo la kitenge. Tone la kwanza likaanguka, na wakwe wakaondoka kwenda kulala kwa ndugu yao wa karibu na soko. Soda zilibaki na vizibo vyake.

Mvua ilinyesha kama imetumwa. Mama Noa na watu wake walikimbilia ndani wakicheka. Nkunzimana alimpigia Divine, simu ikaita mpaka ikachoka. Akajaribu tena. Ikaita, ikachoka.

Asubuhi jua lilitoka. Familia ilikuwa imesharudi kibandani na chai yake, magodoro yameanikwa juani yanachuruzika, na Noa, nywele zimemlowa, anaokota makomamanga kwenye tope.

Geti likagongwa. Alikuwa shangazi Nizigiyimana, peke yake, kiroba cha maharage kichwani. Kwapani alikuwa na blanketi.

Nkunzimana alimtambua yule simba. Zawadi ya posa ikirudi, hakuna haja ya kuuliza imesema nini.

"Shangazi, nipe nafasi nieleze. Kile kibanda—"

"Pisha, mwanangu. Gari la Kasulu haliningoji."

Akampita. Alikwenda mpaka kibandani, akainama, akatua maharage miguuni kwa Mama Noa. Akalikunjua blanketi, akamfunika nalo Noa mabegani. Kisha akaishika mikono ya Mama Noa, yote miwili.

"Poleni, mama," alisema taratibu, mgeni apate kuelewa. "Na sisi tulinyeshewa hivihivi miaka mingi, na leo ni raia, msikate tamaa. Tena nyie mna bahati, mkwe wetu huyu ana roho: nyumba yake yote ile, na uani kwake hajawafukuza."