Brayo Ajisafisha Busia

Benedeta alikuwa ameshika mrija wa malwa, pombe ya ulezi, tangu mchana, na hakuwa amevuta hata funda moja. Mama wa kanisa kutoka Petta, leso mpya kichwani, ameketi kwenye chungu cha watu asiowajua, kilabuni kwa Felistus, Busia, mahali ambapo marehemu mumewe asingemruhusu hata kuuliza njia.

Ukutani runinga ilikuwa inarudia jina moja tu. Brayo, mtangazaji wa asubuhi, leo atakuwa hewani moja kwa moja kutoka mpakani, humu humu kwa Felistus, katikati ya mashabiki wake, aseme yake. Jumatatu kituo kitaamua kama kinambakiza au kinamtoa.

"Hawawezi kumtoa," alisema Phanuel, muuza viatu vya mitumba anayevuka kutoka Kenya kila jioni kuja kunywa upande huu wa Uganda. "Brayo akienda, asubuhi tutaangalia nini? Utabiri wa mvua?"

"Mimi nasema atoke," alisema Owor wa bodaboda. "Ile maneno alisema ya yule mtoto wa Petta ilikuwa mbaya."

"Maneno gani, bana? Msichana anajitokeza na tumbo, anasema Brayo alienda kwao kujitambulisha kama mchumba. Jamaa akajibu. Siku hizi kujibu ni makosa?"

Jibu lenyewe kila mtu pale alilijua kwa moyo. Brayo alikaa kwenye kochi lake jekundu akasema Petta haijui, huyo Awor hamjui, ila wasichana wa mpakani wakiona runinga hudhani ni dirisha la chumba cha mwanamume. Watu wa pande zote mbili walicheka mpaka wakashika mbavu.

Benedeta aliinamia mrija wake. Awor alikuwa bintiye wa kuzaa. Tangu kicheko kile, msichana hajaenda kisimani na wenzake wala kukanyaga kanisani.

"Tena nikuulize, Owor," Phanuel hakuwa amemaliza. "Mtu maarufu namna hiyo afike kijijini, asionekane? Mamake huyo msichana yuko wapi? Si aje aseme, nilimwona kwa macho yangu?"

"Mama ataona nini? Huyo ni mkwe. Kwetu mama mkwe haangalii mkwe. Mimi wangu nikimwona huko mbele sokoni, naingia hata kwa duka ya majeneza."

"Basi shahidi mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango. Kesi kwisha."

Chungu kizima kikacheka. Benedeta naye akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamchoma kuliko cha wote.

Maana ilikuwa kweli. Siku ya mgeni alikaa jikoni, mlango umerudishwa. Kuku wake bora alichinjwa. Kupitia mlango ule alimkaribisha mgeni, na sauti ndogo, ya adabu, ikamwitikia. Hakuchungulia. Sasa shemeji zake waliokula na mgeni wanasema alivaa kofia, alijitaja kwa jina lake la nyumbani, la Kiteso, si hili la runinga, na hawawezi kuapa dhidi ya mtu wa runinga. Na ile sauti ya mlangoni haikufanana kabisa na hii ya Brayo inayojaza nyumba. Kuna wakati Benedeta alijiuliza kama mwanawe hakudanganya. Aibu ya kujiuliza hivyo hakuweza kumwambia hata padri.

Ndiyo maana alipanda pikipiki akaja. Leo atainua uso, amtazame, aseme mbele ya kamera: wewe ulikula kuku wangu. Lakini macho yatamtambuaje mtu ambaye hayajawahi kumwona?

"Mama, mbona hunywi?" Felistus aliuliza huku akiongeza maji moto chunguni. "Wewe uko na Brayo, au na yule mwongo?"

"Nimekuja kuangalia tu," alisema Benedeta, akajichukia.

Honi zikalia nje. Brayo akaingia, mpiga kamera nyuma yake, kipaza sauti kidogo kimebanwa shatini. Watu wote wakasimama. Runinga ilichelewa kidogo. Humu ndani alikuwa ameshamkumbatia Phanuel, kule ukutani bado anapita mlangoni.

"Watu wangu wa mpakani," alisema, ile sauti yake ikigonga mabati. "Mimi sina cha kuficha. Huyo msichana kama ana mama, mama na aje anitazame."

Wakampigia makofi. Felistus akafuta kiti kando ya yule mama mgeni, akampa Brayo mrija mpya. Brayo akaketi, akainamia chungu.

Benedeta akainua kichwa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Macho yakaanguka yenyewe kwa haya, na kilichotoka kinywani ni kile ambacho mama yeyote humwambia mgeni wake, kile kile alichokisema siku ile kupitia mlango wa jikoni.

"Karibu, baba."

Mrija ukamdondoka Brayo. Hakugeuka kumtazama aliyesema. Aliinuka kinyumenyume, kichwa chini, kiganja kikikinga uso, akapindua kiti cha Phanuel, akampita mpiga kamera, akatoka nje na kujibanza nyuma ya mlango. Hakuna aliyemfukuza.

Owor ndiye wa kwanza kuuweka mrija wake chini.

Wote wakageukia ukutani. Kule Brayo bado alikuwa anainuka, anarudi nyuma, anatoweka, mpaka kwenye kioo kikabaki kiti kitupu na pindo la leso ya mwanamke aliyejifunika uso. Ndipo runinga ikasema, kwa sauti ndogo, ya adabu, ambayo haijawahi kusikika asubuhi yoyote:

"Mama, nisamehe. Sikujua uko ndani."