Walioko Ndani

Ripoti arobaini zilikwisha kuhamishwa. Ilibaki moja, na Zipora hakutaka kuigusa.

Kazi yenyewe, usidanganyike, haikuwa ngumu. Mgodi ulinunua kanzidata mpya, kumbukumbu zote zikamiminwa humo, na yeye, katika ofisi ya Shinyanga mjini, akapewa wiki mbili kuzielekeza ripoti za zamani, moja moja, zisome huko. Unabadili anwani, unaiendesha, unalinganisha majibu. Basi.

Lakini hii ya mwisho iliitwa Walioko Ndani. Ilitaja kila aliyegusisha kadi akiingia mgodini na hajagusisha akitoka. Alfajiri, kabla ya zamu, ilitakiwa iwe tupu. Kwa miaka miwili haikuwa tupu hata siku moja. Ilibaki na jina la Maige Mayala, mume wake.

Maige aliingia Jumanne, mwamba ukaporomoka alasiri, na waokoaji wakachimba siku kumi na tisa kwa kuiamini ripoti hiyo. Hawakupata hata kiatu. Mgodi mzima ulilia. Klara wa jikoni, shoga yake Zipora, hakurudi kazini tangu siku hiyo. Alituma ujumbe tu kwamba hana moyo wa kupika juu ya kaburi la shemeji yake. Zipora alimwelewa. Hata yeye angekimbia, ila angekimbilia wapi na mume yuko chini ya mawe?

Mama mkwe, kule Kharumwa, alikataa matanga. Mtoto wake hakuzikwa, watu waanue nini? Badala yake alipiga simu kila asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," Zipora humwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mwanangu yumo?"

"Yumo, mama."

Mama hushukuru, akachukua jembe lake, akaenda shambani. Zipora naye hufuta machozi, akaanza kazi. Wachumba wawili walishamjia, wote akawarudisha. Angeolewaje, na jina la mumewe linasomwa kila siku?

Sanket, mkuu wa mifumo, alikuja akasimama mlangoni. Alijua habari zote. Ndiyo maana siku zote hizo hakumharakisha.

"Dada Zipora, saa sita tunazima seva ya zamani. Samahani sana."

"Huko kwenye mpya, jina lake litapotea?"

"Hakipotei kitu. Tena hii imekusanya zaidi. Ile mashine ya kadi ya lango la nyuma, kule jikoni mgodini, miaka yote ilikuwa inajiandikia peke yake, hakuna aliyeisoma. Sasa malango yote yamo humo."

Hayo ya malango Zipora hakuyasikiliza. Alishika hilo moja tu, kwamba hakipotei kitu, na likampa nguvu. Akabadili anwani. Akamwomba Mungu kimoyomoyo amwachie hilo jina tu, maana mtu mwenyewe alishamchukua. Akaiendesha.

Ripoti ikaja tupu.

Akaiendesha tena. Tupu. Roho ilimuuma kama siku ile ya kwanza, na akalia bila kujificha. Sanket akainamisha kichwa.

Simu ikaita. Leo Kharumwa mtandao ulisumbua, mama alichelewa.

"Mwanangu yumo?"

"Subiri kidogo, mama. Namtafuta."

Akafungua kumbukumbu zenyewe, akaandika jina la mumewe, akashuka hadi Jumanne ile. Alikuwepo. Aliingia saa moja asubuhi kwa lango kuu, kama alivyojua. Chini yake palikuwa na mstari ambao hajawahi kuuona.

Maige Mayala, lango la nyuma, ametoka saa tisa na dakika kumi, saa nzima kabla ya mwamba kuporomoka. Na mstari uliofuata, lango lile lile, dakika ile ile, ulikuwa wa kadi ya Klara.