Waliomwona Kaka

Dorkasi alipowasha kichujio cha kuzuia roboti, programu zinazofungua kurasa zenyewe, kwenye tovuti yake, idadi ya watazamaji ilianguka mbele ya macho yake, kutoka elfu tisa hadi kumi na mmoja.

Alikuwa ameianzisha tovuti hiyo, yenye picha ya kaka yake, ili kumtafuta, aliyeaga nyumbani Kongwa kwenda Bahi kununua mpunga, asirudi. Kila asubuhi alimtajia mama yake idadi ya walioiona picha, na mama akapata nguvu ya kula. Kumbe karibu wote walikuwa mashine tupu, zikipita bila kutazama chochote.

Mama alikuwa ameketi mbele yake, bakuli la uji mapajani.

"Mwanangu, leo wamemwona wangapi?"

Dorkasi aliutazama mkono ulioshika kijiko. Ulikuwa umekonda mno hata pete ya ndoa ilizungushiwa uzi isidondoke.

"Wamezidi elfu tisa, mama."

Mama hakula. Alirudisha kijiko bakulini, akamkazia macho binti yake.

"Watu wote hao," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyetupigia simu?"