Abiria wa Mwalimu

Siku ya sita, kilomita elfu mbili na ushee kutoka nyumbani, Mwalimu alimkemea mkewe kwa sababu ya kifuniko cha tangi.

Mkewe alikiweka juu ya kiti cha pikipiki, kikabingirika, kikaangukia topeni. Basi, ni hilo tu. Mwingine angekiokota, akakifuta, akanyamaza. Lakini Mwalimu alikuwa amefundisha watu udereva miaka kumi na tisa, na mtu aliyezoea kulipwa kwa kufoka hajui kunyamaza bure. Alimwuliza mkewe, kwa sauti ileile ya uwanja wa mafunzo, kama kichwani mwake mna ubongo au mna pamba. Mjaza mafuta alitazama pembeni. Abiria waliokaa juu ya mabegi yao, gari lao la kwenda kaskazini limekatika ekseli tangu asubuhi, walisikia kila neno. Wale wa basi la kusini walichungulia dirishani ili wasikie vizuri zaidi.

Na safari yenyewe, jamani, ilikuwa ya kuponya ndoa! Kaka mkubwa wa Mwalimu ndiye aliyeamua kesi: nendeni wawili tu, mbali, mlale hemani mpaka mkumbuke kilichowafanya mpendane. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache, alikubali kwa sharti moja.

"Ukinifokea tena mbele za watu," alisema, shemeji yake akiwa shahidi, "hata mara moja, mimi na wewe basi."

Mwalimu aliapa. Ulimi hauna mfupa.

Sasa alisimama pale kituoni akingoja machozi, nayo hayakuja. Mkewe aliokota kifuniko, akakifuta kwa leso, akamkabidhi, akaelekea chooni na helmeti yake mkononi. Mwalimu akacheka kwa pua. Vitisho vya mke wake, alijiambia, ni debe tupu. Amwache yeye huku nyikani? Aende wapi, na hata ramani hajui kuikunja?

Alikagua mnyororo, akakagua tairi, akalilaani basi lililompulizia moshi. Alipokwisha kukaa na kuwasha injini, alisikia kiti kikididimia nyuma yake, kisha kofi moja begani. Hiyo ndiyo sheria aliyomwekea mkewe: kofi moja, twende, mawili, simama. Hakugeuka. Dereva anayegeuka nyuma, huwaambia wanafunzi wake, analitafuta kaburi kwa bidii. Na abiria ni mzigo wenye mdomo: akae, ashike, asijitikise.

Helmeti zao zilikuwa na spika ndani, na Mwalimu alizitumia ipasavyo. Kilomita mia za kwanza alihutubia. Alianza na hema lililofungwa ovyo siku ya pili, akaja kwenye chai iliyomwagikia begi la kulalia siku ya nne, akamalizia kwa mama mkwe wake, aliyelea binti bila kumfunza lolote. Nyuma, kimya. Walipofika kwenye kona za mlimani, kila alipoinama aliona pikipiki inamfuata bila ubishi, vizuri kuliko siku zote tano zilizopita.

"Unaona?" alisema. "Kumbe ukifundishwa unafundishika."

Lami iliisha, ikaja changarawe, na baridi ikaanza kuingia kwenye mikono ya koti. Mwalimu alitupa mzaha. Hakuna aliyecheka. Aliuliza kama kuna anayesikia baridi. Hakujibiwa. Miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa akiutaka ukimya huo, na leo alipoupata ukaanza kumtisha. Akawaza itakuwaje akirudi peke yake kwenye nyumba isiyo na mlio wa cherehani. Akawaza jinsi kaka yake atakavyomtazama. Akawaza, hatimaye, na ilimchukua kilomita mia mbili nzima kufika hapo, uso wa mkewe alipokuwa akikifuta kile kifuniko mbele ya watu. Ndipo akaogopa kweli.

"Mke wangu," alisema, kwa sauti ya chini ambayo mwanafunzi wake yeyote asingeiamini. "Nimekosa. Si leo tu. Nimekosa miaka yote kumi na moja, na wewe ulikuwa ukinyamaza ili mimi nionekane mtu. Sitaki kukupoteza. Kama umenisamehe, usiseme kitu. Nipige begani mara moja tu."

Zilipita kilomita mbili. Alizihesabu.

Kisha kofi likatua begani, moja, polepole, kama la mtu anayembembeleza mtoto. Mwalimu akalia. Kioo cha helmeti kikaingia ukungu, akaendesha nusu kipofu, mtu mzima mwenye leseni ya madaraja yote.

Barabara ilikomea kwenye ziwa la kijivu na nyumba chache za mabati. Alizima injini, akashuka, akafungua mikono, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akageuka kumtazama abiria wake.

Abiria alivua helmeti, akazipapasa mvi zake zilizolala upande.

"Ahsante kwa lifti, mwanangu," alisema yule bibi. "Gari letu lilikatika ekseli, na kwangu ni pale kwenye bati jekundu. Mkeo alipanda lile basi la kusini, akaniachia koti na helmeti, akanisihi nisifungue mdomo mpaka tufike. Sasa ile samahani, mimi nimeipokea. Yeye, sijui."