Mlango Uliotolewa Kwenye Eneo

Fundi rangi alikunja futi yake, akaitazama hesabu ya mwenye nyumba, akacheka.

“Mama, kwenye eneo la ukuta huu umetoa milango miwili. Mbona mimi naona mmoja? Huo mwingine wa majini na mapepo?”

Mama hakucheka. Hesabu aliijua: urefu mara kimo, kisha unatoa milango, maana haipakwi rangi ya ukuta. Kwa mazoea alikuwa ametoa na ule ambao yeye na dada yake waliuziba kwa matofali, walipokosana na kugawana nyumba ya marehemu mama yao. Siku hizi kila mmoja humsikia mwenzake akikohoa tu.

“Basi tuliongeze eneo hilo, nipake ukuta mzima,” fundi alisema, akikoroga rangi. “Ikikauka, hutajua kama palikuwa na mlango.”

Plasta ilikuwa na ufa mwembamba, uliochora umbo la mlango wote. Mama aliufuata kwa kidole mpaka chini. Upande wa pili, kwa dada yake, kijiko kilikuwa kikikoroga kikombe kimoja.

“Ngoja kwanza, fundi.”

Akaugonga ukuta kwa ngumi.

“Dada!”

Kijiko kikanyamaza.