Kengele Chini ya Mlima

Nevija alichomoka msituni juu ya baiskeli, bahari ikimeremeta mbele yake. Vijana waliomcheka asubuhi wakimwita bibi kizee sasa walimpigia makofi.

"Gonga kengele, dada!"

Kengele hiyo kuukuu ya mbuzi ilining'inia kwenye mzeituni, na hugongwa na yule tu aliyeteremka mlima wote bila kutia mguu chini.

Alinyoosha mkono. Ndipo alipouona udongo mwekundu kwenye ncha ya kiatu, mdogo kama ukucha. Ile kona ya mwisho! Hakuna aliyemwona.

"Gonga basi! Unamwogopa nani?"

Nevija aliurudisha mkono kwenye usukani, akaigeuza baiskeli kuelekea mlimani.

"Mguu uligusa," alisema. "Ngojeni hapohapo. Nikirudi mtaisikia."